Limfoma ya Burkitt: Saratani Iliyochorewa Ramani kwa Safari ya Gari

Miongoni mwa saratani za damu, yaani zile zinazoanzia katika seli za damu au katika tezi za limfu, limfoma ya Burkitt ina historia ya pekee, kwa kuwa ilibainishwa Afrika Mashariki na daktari wa upasuaji ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa magonjwa ya damu. Denis Burkitt, aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911 na kupoteza jicho moja utotoni, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwonyesha mtoto aliyevimba mataya pande zote, na haikupita muda Burkitt akamkuta mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake akiuita uvimbe huo sarkoma, yaani saratani ya mifupa na nyama, kosa lililosahihishwa na wanapatholojia Gregory O'Conor na J. N. P. Davies, ambao kwa darubini waliona kuwa ni limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu. Jina, hata hivyo, lilimwendea mpasuaji, na pengine kwa haki, kwa sababu ya kile alichokifanya baadaye.

Swali lililomshughulisha lilikuwa jepesi kwa sura: uvimbe huu unaonekana wapi, na wapi hauonekani? Baada ya kutuma vipeperushi vyenye picha katika hospitali nyingi, mwaka 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250, wakasafiri wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakihoji kila hospitali waliyoifikia. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, lakini kadiri walivyoelekea kusini kikomo hicho kilizidi kushuka, dalili kwamba kilichohesabika ni joto na mvua, wala si mwinuko wenyewe.

Msomaji wa Songwe, mkoa wa Tanzania uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, anaweza kuielewa hoja hiyo kwa kutazama ardhi yake, kwani Tunduma na nyanda za Mbozi zenye kahawa na baridi ziko juu sana kuliko Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, ambako kwa hesabu ya Burkitt hatari ingetarajiwa kuwa kubwa zaidi. Ikumbukwe tu kwamba Tunduma ni mji wa mpakani unaopokea familia kutoka kila upande, na mtoto anaweza kupanda mlima akiwa tayari ameambukizwa bondeni malaria, ambayo uhusiano wake na uvimbe huu unaelezwa hapa chini.

Malaria, inayoenezwa na mbu wanaohitaji joto na mvua, ndiyo iliyokuja kuieleza ramani, ikishirikiana na kirusi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakichunguza London vipande vya uvimbe vilivyotoka Kampala, waligundua kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hicho huenea kwa mate na huwaingia karibu watoto wote bila madhara makubwa. Kinachotofautisha ni malaria ya mara kwa mara, ambayo huzilazimisha seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, kugawanyika mfululizo, hadi katika seli moja vipande vya kromosomu vinapobadilishana nafasi na jeni ya ukuaji ikabaki imewashwa daima.

Burkitt alijaribu pia dawa za kuua seli za saratani, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache, matokeo yaliyosaidia kuzaliwa kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967. Hadi leo dawa ndizo tiba kuu, kwa kuwa kisu peke yake hakiwezi kuifuata saratani iliyokwisha kusambaa mwilini.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi wa Songwe, awe wa Momba, Ileje au Mbozi, akiona taya la mtoto linavimba na meno yakilegea, au tumbo likijaa bila sababu, asingoje jino ling'olewe kwanza. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo na kuomba uvimbe uchunguzwe kama saratani.