"Sitaki" Ikifundishwa Darasani

Msichana aliyelelewa kuwaitikia wakubwa kwa upole, akitakiwa kusema "sitaki" kwa sauti kubwa, mara nyingi neno humtoka likiwa na tabasamu la kuomba radhi. Ndiyo maana katika shule za mitaa ya mabanda jijini Nairobi, ikiwemo Korogocho na Dandora, wakufunzi wa shirika la Ujamaa Africa huanza na sauti kabla ya ngumi. Wasichana husimama wima, humtazama mtu machoni na kukataa bila kucheka wala kutoa sababu. Hujifunza kupiga kelele, kumchelewesha mshambuliaji kwa maneno hadi nafasi ipatikane, na kukimbia. Mapigo ya kujinasua huja mwisho, pale ambapo njia nyingine zote zimefungwa. Mafunzo yote ni vipindi sita vya saa mbili mbili.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona baada ya kuwafuatilia wasichana zaidi ya 500 wa Nairobi. Kabla ya mafunzo, karibu mmoja kati ya wanne alisema alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono ndani ya mwaka uliotangulia. Miezi 10 baadaye, kwa waliofunzwa, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2, ilhali kwa wenzao waliopewa kipindi cha kawaida cha stadi za maisha mambo yalibaki karibu vilevile. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wameshazitumia mbinu hizo kuzuia shambulio. Haya ni majibu ya wasichana wenyewe kwenye dodoso, hayakutoka kwenye majalada ya polisi, na katika jambo hili kesi nyingi hazifiki polisi kabisa.

Lakini kuna takwimu nyingine ndani ya utafiti huohuo ambayo kila mzazi angepaswa kuisoma mara mbili. Asilimia 90 ya wasichana waliodhulumiwa walimfahamu aliyewadhulumu. Asilimia 52 walimtaja mpenzi wao, asilimia 17 ndugu, asilimia 15 jirani, na asilimia 6 mwalimu au mchungaji.

Maonyo mengi wanayopewa mabinti wa Afrika Mashariki yanamhusu mtu mwingine. Yanamhusu mgeni wa gizani, au mwanaume mtu mzima mwenye pesa. Tanzania ilikuwa na kampeni ya redio mwaka 2008 iliyomfanya Fataki ajulikane nchi nzima, mwanaume wa makamo anayewarubuni wasichana wadogo kwa chipsi na vocha za simu. Kenya wanamwita sponsa. Mtu huyo yupo na ni hatari kweli. Ila mvulana wa kidato cha tatu anayempenda msichana wa kidato cha pili hatajwi, kwa sababu watu wazima wamekubaliana kujifanya kwamba hayupo. Binti ameambiwa asiwe na mpenzi, basi. Akishakuwa naye, na mpenzi huyo akaanza kumtisha, atamweleza nani bila kuadhibiwa yeye kwanza?

Hapo ndipo somo la usalama katika mahusiano linapotofautiana na somo la baiolojia. Wanafunzi wengi wanaweza kuchora mfumo wa uzazi na kuutaja sehemu kwa sehemu, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba kudai nenosiri la simu ya mwenzako si mapenzi, wala kumchagulia marafiki, wala kumtumia ujumbe 40 akichelewa kujibu, wala kutishia kusambaza picha zake akitaka kuachana. Huku kwetu wivu umesifiwa sana. Asiyeona wivu husemwa hapendi. Kijana anaingia kwenye uhusiano wa kwanza akiwa na imani hiyo tu, na anayepekuliwa simu anaona fahari kwamba anajaliwa. Kipindi kizuri huichambua hali kama hiyo kwa visa na maigizo: nani anaamua, nani anaogopa, ni wakati gani mtu amekubali kwa hiari na ni wakati gani amenyamaza tu kwa hofu.

Wapo wanaoona haya ni mambo madogo ya utotoni. Oktoba 2021, mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili, na Januari 27, 2024 maelfu ya Wakenya waliandamana katika miji mbalimbali kupinga mauaji ya wanawake. Mwenye mwili imara, jina kubwa na kipato chake bado anaweza kukosa usalama ndani ya nyumba yake. Elimu ya kutambua udhibiti kabla haujawa kipigo inahitaji kumfikia mtu mapema, kabla hajaingia kwenye ndoa.

Na haiwezi kuwa ya wasichana peke yao. Kumfundisha binti kujinasua huku kaka yake akiachwa kucheza mpira nje ni kumbebesha mtu mmoja mzigo wa wawili. Nairobi wavulana walipewa mafunzo yao, nayo vipindi sita, kuhusu ridhaa, dhana za uongo juu ya ubakaji na ujasiri wa kuingilia kati mwenzao anapomsumbua msichana. Baadaye, waliofunzwa ambao walishuhudia msichana akitukanwa, akitishwa au akishambuliwa, takriban robo tatu yao walisema waliingilia kati na kufanikiwa. Miongoni mwa wasiofunzwa, waliofanikiwa kuzuia shambulio la mwili walikuwa kama robo. Huko Ontario, Kanada, programu iitwayo Fourth R, ya masomo 21 kwa wanafunzi wa miaka 14 na 15, ilipimwa katika shule 20. Baada ya miaka miwili na nusu, ukatili wa kimwili kati ya wapenzi ulikuwa umepungua, na mabadiliko makubwa yalionekana kwa wavulana. Gharama ilikuwa wastani wa dola 16 za Kanada kwa mwanafunzi.

Wavulana nao huumizwa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana huyo huwa na sababu nyingi za kunyamaza, ya kwanza ikiwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa jambo hilo linaweza kumpata.

Pengine funzo lenye faida zaidi kwa shule zetu limetoka New York. Watafiti walizigawa shule 30 za kati za jiji hilo. Nyingine zilipewa masomo sita ya darasani, nyingine zilibadilisha mazingira ya shule, nyingine zilifanya yote mawili, na nyingine hazikupewa kitu. Katika kubadilisha mazingira, wanafunzi walipewa ramani ya jengo wakatia rangi sehemu wanazojisikia salama na sehemu wanazoogopa; kisha walimu wakahamia kwenye ngazi na korido zilizopakwa rangi ya hofu. Palikuwa pia na utaratibu wa maandishi wa kumzuia mwanafunzi msumbufu asimkaribie mwenzake. Masomo peke yake hayakuleta mabadiliko ya maana. Shule zilizoshughulikia jengo lenyewe ziliona ukatili ukipungua, hata pale ambapo hapakuwa na kipindi darasani.

Ramani ya namna hiyo ikichorwa na wanafunzi wa sekondari ya kata, rangi ya hofu inaweza kuangukia choo kisicho na komeo, njia ya kilomita kadhaa katikati ya mashamba, kijiwe cha bodaboda, geto wanalopanga wanafunzi waliotoka mbali, au nyumba ya mwalimu wanakotumwa kupeleka madaftari. Karatasi na kalamu za rangi zinatosha kuianza. Kinachohitaji ujasiri ni mkuu wa shule kuitazama hiyo nyumba ya mwalimu na kupiga marufuku madaftari kupelekwa huko.

Wazazi wana haki ya kuuliza mtoto wao anafundishwa nini, na wapo wanaohofia kwamba somo hili litamfungua macho kabla ya wakati. Lakini jamii zetu hazikuwahi kuwaacha vijana bila mafunzo ya mwili na mahusiano. Jando na unyago, somo wa Pwani na kungwi walifanya kazi hiyo kwa uwazi ambao ungewashtua wengi wa leo. Mengi ya mafunzo hayo yalimwandaa binti kuvumilia na kumridhisha mume, na hilo linastahili kurekebishwa. Wazo kwamba mtu mzima anayeaminika amkalishe kijana na kumweleza mambo haya lilikuwa sahihi.

Mtu mzima huyo ni lazima awepo pia siku mwanafunzi atakapokuja kusema. Tanzania imetoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule, na nambari 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure huko na Kenya. Mwalimu wa dawati anahitaji kujua mambo mahususi: kwamba aliyebakwa apelekwe hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, kwamba asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, kwamba suala hilo halimalizwi ofisini kwa mkuu wa shule wala kwa wazee wa familia kupatana. Kule Nairobi, wasichana waliofunzwa hawakuzuia mashambulizi tu. Waliodhulumiwa baada ya mafunzo walikuwa wepesi zaidi kumweleza mtu kuliko awali, na wakufunzi waliwarudia kwa marudio ya somo katika mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi.