Pompi ilikuwa nzima: umeme wa kuanzia, kwa wenye wanasoma na kwa sisi wa shamba

Miye niko mtu wa agronomia, lisanse yangu ni ya udongo na mimea, haiko ya umeme. Mainjenyeri wa kundi wanirudishe njiani nikikosea. Lakini wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wa politekiniki wanauliza hapa kila mara juu ya somo la sirkiti, na miye somo hilo nililipia feza. Niwaelezee namna lilinifikia, kwani vile njo nililielewa.

Ninafuata kikundi cha wamama walima vitunguu mu tambarare ya Ruzizi, upande wa Uvira. Wakati wa kiangazi kitalu kinakauka kwa siku mbili tu. Walichanga, tukanunua paneli mbili za jua za wati 100, batri moja ya volti 12 na amperi-saa 100, na pompi ndogo yenye imeandikwa ku tumbo: 12 V, 8 A. Paneli na batri tuliweka ku depo, juu ya wezi, mlinzi analala pale. Pompi iko ku mtaro wa maji, metre 40 kutoka depo. Katikati nikavuta waya wa nyumba, ule wa milimetre mraba 1,5 wenye watu wanatumia kwa lampe. Ulikuwa wa bei ndogo, na miye njo niliuchagua.

Pompi ikazunguka, lakini maji yalikuwa yanatoka sawa mkojo wa mtoto. Mama mkubwa wa kikundi akaniambia: «Injenyeri, hii pompi yako iko na njaa.» Nikachukua testeri. Ku batri: volti 12,6. Nikatembea mpaka ku mtaro, nikachomoa pompi, nikapima nchani mwa waya: volti 12,6. Nikasema basi, umeme unafika wote, mbovu ni pompi. Wakachanga tena dola 80, tukanunua ingine. Ya pili ikazunguka vilevile. Wakati huo nusu ya kitalu ilikuwa imeisha kukauka.

Mdogo wangu, mwenye alikuwa amerudi ku likizo na somo la sirkiti kama deni la kurudilia, njo aliona kosa. Aliniambia: «Yaya, pima tena, lakini pompi ikiwa inazunguka.» Tukapima. Ku batri 12,4. Ku pompi 7,7.

Nilikaa chini.

Sasa tufasirie. Tuanze na maji, kwani watu wa shamba tunayajua. Tanki ikiwa juu ya kilima, maji ya chini yako na msukumo. Msukumo huo ku umeme ni tansio, tunaipima na volti. Maji yenye yanapita mu bomba kwa kila segonde ni kuranti, tunaipima na amperi. Na ubovu wa bomba, wembamba wake, urefu wake, vyote vyenye vinakataza maji kupita, ni rezistansi, tunaipima na omu. Mwalimu mmoja wa Udachi, Georg Ohm, aliandika mu 1827 namna hivi vitatu vinafungamana: tansio ni sawa na rezistansi mara kuranti. U = R × I. Ni mstari mmoja tu, lakini watu wengi wanaukariri bila kuuliza: U ya wapi? R ya nini?

Hapo njo nilianguka miye. Nilifikiri waya ni waya tu, hauna rezistansi. Iko nayo. Shaba ya urefu wa metre 1 na unene wa milimetre mraba 1 iko na omu 0,0175 hivi. Sasa hesabuni na miye. Metre ni ngapi? Si 40. Umeme unaenda na waya mmoja, unarudi na mwingine, kwa hiyo ni metre 80. 0,0175 mara 80, gawanya na 1,5: tunapata omu 0,93. Unaweza kusema hiyo ni kidogo. Kumbe pompi yenyewe, ukigawanya volti 12 na amperi 8 zake, ni sawa omu 1,5. (Mota haiko rezistansi tupu, wa umeme watanicheka, lakini kwa kuelewa tu inatosha.) Waya wangu ulikuwa na zaidi ya nusu ya ugumu wa pompi. Walikaa wote wawili ku meza moja na wakagawana chakula.

Tuangalie namna waligawana. Batri inatoa 12,4, pompi inapata 7,7, volti 4,7 zimebaki mu waya. Gawanya 4,7 na omu 0,93: kuranti ni amperi 5 hivi. Nguvu ni tansio mara kuranti: pompi inakula wati 38 mahali pa 96, na waya unakula wati 23 kwa kupasha udongo moto. Wamama walikuwa wanalipia jua la kupasha udongo.

Na kwa nini testeri ilinidanganya siku ya kwanza? Testeri haikudanganya, ni miye nilipima vibaya. Pompi ikichomolewa, kuranti ni kama sifuri. Zidisha omu 0,93 na sifuri: hakuna volti yenye inapotea. Ni sawa bomba ndefu na nyembamba yenye umefunga robine nchani: weka manometre, itakuonyesha msukumo wote wa tanki. Fungua robine, sindano inaanguka. Waya mbaya hauonekane wakati hakuna kazi. Wadogo zangu, hata mkisahau yote mengine ya leo, mushike hii: pimeni tansio wakati mashine inafanya kazi.

Kuko kosa lingine, mdogo wangu mwenyewe alikuwa nalo, na njo lilimwangusha ku egzame. Alifikiri kuranti inaisha njiani, amperi zinatoka 8 ku batri na zinafika 5 ku pompi. Hapana. Mu sirkiti ya njia moja, amperi 5 zinatoka, 5 zinapita mu waya, 5 mu pompi, 5 zinarudi. Chenye kinapungua njiani ni tansio. Na mahali njia inagawanyika, yenye inaingia ku njia panda inalingana na yenye inatoka, sawa mtaro wenye unagawanyika mu mashamba mawili: maji hayazaliwe pale, hayafe pale. Gustav Kirchhoff aliandika kanuni hizo mu 1845, akiwa na miaka 21, mwanafunzi bado. Ya pili inasema: ukizunguka sirkiti mpaka kurudi mahali ulianzia, volti zenye batri inatoa zinalingana na zenye zinatumika. 7,7 na 4,7 ni 12,4. Mdogo wangu alikuwa amekariri kanuni hiyo mwaka mzima. Siku hiyo ku mtaro aliijumlisha mu mchanga na kijiti, akacheka peke yake.

Tengenezo lilikuwa namna gani? Waya mnene wa milimetre mraba 16 ungesaidia, lakini bei yake ilishinda bei ya pompi. Tungeweza pia kupandisha tansio: kwa volti 24, nguvu ileile inataka nusu ya kuranti, na hasara mu waya inakuwa robo, kwani hasara ni rezistansi mara kuranti mara kuranti. Juu ya hiyo njo umeme wa barrage za Ruzizi unapandishwa mpaka maelfu ya volti mbele ya kuvuka milima, kiisha unashushwa mu mji. Lakini pompi yetu haikukubali 24, ingeungua.

Tukachagua ya maskini. Paneli zilibaki ku depo, lakini batri ikatoka. Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, kijana mmoja anaisukuma na buruweti mpaka metre 5 karibu na pompi, kwani iko na uzito wa kilo 30 hivi. Wananyesha maji masaa matatu, jua halijakuwa kali, na hiyo hata kwa kitunguu ni vizuri zaidi. Kiisha batri inarudi kunywa jua siku nzima. Masaa matatu kwa amperi 8 ni amperi-saa 24, robo ya batri. Batri ya risasi haipendi kushuka chini ya nusu.

Waya wa zamani tuliukata vipande vya metre 5, tukafunga vitatu pamoja kwenda na vitatu kurudi. Nyaya tatu kandokando ni sawa bomba tatu kandokando: rezistansi inagawanywa na tatu. Metre 10 za waya mmoja ni omu 0,12. Kwa tatu ni 0,04. Tukawasha, tukapima pompi ikiwa inazunguka: volti 12,0. Mama mkubwa aliweka mkono mbele ya bomba, maji yakamrudisha nyuma hatua moja.

Jambo moja la hatari nisilipite. Karibu kabisa na alama ya + ya batri tuliweka fizible ya amperi 15. Watu wanasema volti 12 haiuwe mtu, na ni kweli kwamba kwa ngozi kavu hauisikie. Lakini waya wa + ukigusana na wa −, rezistansi inakuwa karibu hakuna, na kanuni ya Ohm haina huruma: amperi mia na mia zinapita, plastiki inawaka. Volti 220 ya nyumbani ni habari ingine kabisa, ile inaua. Musiende kuipima juu ya kusoma andiko langu.

Pompi ya kwanza njo inafanya kazi mpaka leo. Ya pili iko ku depo mu karto yake, nzima. Dola 80 niliambia wamama ya kwamba ni deni langu, kwani miye nilisema pompi mbovu. Walikataa, kiisha wakakubali, kiisha mama mkubwa akaandika jina langu mu daftari pamoja na wenye hawajalipa mchango. Imebaki 20.