Gari la Kikundi Linapokula Matairi ya Nyuma



Tangu barabara ya Garsen hadi Lamu ilipowekwa lami, vikundi vingi vimeanza kufikiria gari. Wakulima wa Hindi na Mpeketoni wana maembe, korosho na simsim za kupeleka sokoni. Wavuvi wa Faza na Kizingitini wakishateremsha samaki bara, barafu haingoji mtu. Mjini Amu punda anatosha, lakini ukishavuka maji huwezi kufika Malindi kwa punda. Basi wanakikundi wanachanga, wanauza hisa, na mwisho wananunua gari lililotumika: pikapu, Subaru, RAV4, au Prado iliyochoka kidogo.

Baada ya miezi michache ndipo maswali yanapoanza. Gari limelala nyuma. Matairi ya nyuma yamelika upande wa ndani mpaka waya zinaonekana, na upande wa nje bado ni mzima. Fundi anasema, "Wekeni springi ndefu na mikono ya kurekebisha, itakaa sawa." Bei anayotaja ni akiba ya mwaka mzima. Je, asemayo ni kweli? Pengine ni kweli, pengine sivyo. Katika ukurasa huu tunaeleza mikono hiyo ni nini, inasaidia gari lipi, na ni mambo gani ya kukagua kwanza kabla mweka hazina hajafungua sanduku.

NYUMA YA GARI KUNA NINI?

Magari hayafanani. Laleni chini ya gari lenu mtazame liko katika kundi gani.

Kundi la kwanza ni gari lenye ekseli moja nzima na springi za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pikapu nyingi za Hilux na Land Cruiser ziko hivi. Hapa springi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo, na hiyo hiyo ndiyo inayoshika ekseli isiende mbele wala kando. Hakuna mikono. Kwa hiyo mtu akitaka kuwauzia mikono ya kurekebisha ya pikapu ya namna hii, mwambieni ahsante, mwende zenu.

Kundi la pili lina ekseli nzima pia, lakini springi ni za kuzunguka kama nyoka. Prado ni mfano. Springi hizi zinabeba tu, haziwezi kushika ekseli. Kinachoishika ni fito za chuma: zile za kwenda mbele, na moja ya kukata kutoka upande hadi upande. Hiyo ya kukata huitwa fito ya Panhard, jina la watengenezaji magari wa Ufaransa. Ncha yake moja imefungwa kwenye chesisi, ya pili kwenye ekseli. Sasa mkiinua gari kwa springi ndefu, fito hiyo inabadili mlalo wake na kuivuta ekseli yote upande mmoja. Hapo fito ya kurekebisha ina kazi ya kweli: inabadilishwa urefu mpaka ekseli irudi katikati.

Kundi la tatu ni magari ambayo kila gurudumu la nyuma lina mikono yake. Subaru nyingi na RAV4 ziko hapa. Gari likilala, au likiinuliwa, mikono inabadili pembe na gurudumu linainama au kugeuka. Katika kundi hili ndimo matairi yanamoliwa sana upande mmoja.

PEMBE MBILI ZA KUJUA

Pembe ya kwanza ni mwinamo. Simama nyuma ya gari utazame gurudumu: je, limesimama wima kama nguzo, au kichwa chake kimeingia ndani? Gari likilala kwa uzito, mara nyingi kichwa cha gurudumu huingia ndani. Likiinuliwa sana, huelekea kutoka nje.

Pembe ya pili ni mwelekeo. Fikiria unatembea na vidole vya miguu vimeangalia ndani, au vimeangalia nje kama bata. Gurudumu nalo ni hivyo. Pembe hii haionekani vizuri kwa macho, na kumbe ndiyo mla matairi mkubwa. Tufanye hesabu. Gurudumu likikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, kila kilomita 1 mnayokwenda, tairi linaburutwa kando kiasi cha mita 17. Safari ya kilomita 200 ni kama kuliburuta tairi kwa kilomita 3 na nusu juu ya lami. Hakuna mpira unaostahimili hayo.

Tena si suala la pesa peke yake. Tairi lililokwisha upande wa ndani halionekani na mtu aliyesimama kando ya gari. Linapasuka likiwa na mzigo, njiani, na nyuma wamekaa watu.

MKONO WA KUREKEBISHA NI NINI?

Mkono wa kawaida ni chuma cha urefu mmoja, kama ulivyotoka kiwandani. Mkono wa kurekebisha una uzi wa skurubu katika ncha zake. Mara nyingi ncha moja ina uzi wa kukaza kulia, na ya pili uzi wa kukaza kushoto, hivyo ukizungusha chuma cha katikati mkono unarefuka au unafupika bila kuufungua. Ni kama nahodha anavyokaza au kulegeza kamba za kushikilia mlingoti mpaka usimame sawa. Kisha kuna nati ya kufungia, inayozuia mkono usijizungushe wenyewe.

Mikono hii inazaa faida pale tu ambapo vipimo vya gari vimetoka nje ya kiasi na marekebisho ya kawaida hayafiki. Jueni pia kwamba magari mengi ya kundi la tatu yana bolti maalumu ya kurekebishia mwelekeo tangu kiwandani. Bolti hiyo ina duara lisilo na kitovu katikati. Ukiigeuza, mkono unasogea kidogo. Shida yetu huku ni chumvi. Hewa ya bahari inaishika bolti kwa kutu mpaka haigeuki, na fundi anaona njia rahisi ni kuuza mikono mipya. Jaribuni kwanza mafuta ya kulainisha kutu, iloweshwe usiku kucha, siku mbili au tatu. Ikikataa kabisa, bolti mpya na bushi zake mara nyingi ni nafuu kuliko mikono minne.

KAGUENI KWA MPANGO HUU

1. Upepo wa matairi, na mzigo. Je, mnapakia kuliko kiasi kilichoandikwa kwa gari hilo? Kama ndiyo, anzieni hapo.
2. Bushi. Tieni chuma kirefu, mtikise mkono. Mpira uliopasuka unaacha gurudumu licheze.
3. Springi na shokomzoba. Pimeni kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini zaidi, springi imechoka au imevunjika.
4. Beringi. Inueni gurudumu kwa jeki, mweke vigogo imara chini ya chesisi, kisha mlitikise juu na chini.
5. Kwa pikapu ya springi za majani: tazameni bolti ya katikati inayoshona majani, na yubolti zinazofunga ekseli. Zikilegea au kukatika, ekseli inateleza na gari linakwenda upande upande kama kaa.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo mpime pembe.

KUPIMA KWA MSHIPI NA TIMAZI

Mashine ya kupimia iko mbali, lakini kipimo cha kwanza mnaweza kukifanya wenyewe kwa mshipi wa kuvulia na rula.

Wekeni gari mahali tambarare. Lisukumeni mbele mita chache liachwe litulie, usukani ukiwa umenyooka. Simamisheni vigingi mbele na nyuma, mvute mshipi kila upande wa gari, katika kimo cha katikati ya magurudumu. Mishipi miwili iwe sambamba: mbele ya gari na nyuma yake, nafasi kati ya mshipi na mshipi iwe ile ile. Gari nalo liwe katikati, yaani kutoka mshipi hadi kitovu cha gurudumu la mbele iwe sawa kushoto na kulia, na magurudumu ya nyuma hali kadhalika. Kama mbele zimelingana na nyuma zinakataa, ekseli imehama au kuna mkono uliopinda.

Sasa kwa kila gurudumu la nyuma, pimeni kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa karibu zaidi na mshipi, gurudumu linaangalia nje. Ukiwa mbali zaidi, linaangalia ndani. Kwa rimu ya kawaida yenye upana wa sentimita 40 hivi, tofauti ya milimita 7 ni karibu digrii 1. Kiasi halali kimo katika kitabu cha gari lenyewe.

Kwa mwinamo tumieni timazi ya mwashi. Ning'inizeni kando ya gurudumu, mpime juu na chini ya rimu. Andikeni yote daftarini, gari likiwa tupu, na tena likiwa na mzigo wenu wa kawaida. Daftari hilo mpeni fundi.

MKIAMUA KUNUNUA

Chagueni mikono yenye bushi za mpira. Ile yenye viungo vya chuma kwa chuma imekusudiwa zaidi magari ya mashindano. Mchanga na chumvi vitaila upesi, na itapiga kelele. Msikubali mkono wa zamani ukatwe na kuchomelewa ili urefuke. Pakeni grisi kwenye skurubu zote kabla ya kufunga. Baada ya kufunga, gari lipelekwe kwenye mashine ya kupimia, manake mshipi haufikii usahihi huo. Kisha pigeni mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono. Mstari ukikatika, nati imejizungusha. Dereva autazame kila wiki.

Hilo la nati si dogo. Mwaka 2012 kampuni ya Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, mengi yakiwa RAV4 za miaka ya 2006 hadi 2011. Sababu ilikuwa mikono ya nyuma: nati zisipokazwa sawasawa baada ya kurekebisha pembe za magurudumu, mkono unacheza, kutu inaingia, na mwisho mkono unaweza kukatika gari likiwa njiani. Kama hayo yanawezekana kwa mikono ya kiwandani, sembuse ya kwetu tunayofungia chini ya mwembe?

Jambo la mwisho, nalo ni kubwa. Mikono ya kurekebisha haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari. Springi ndefu nazo haziongezi nguvu ya breki, ekseli wala matairi. Gari likisimama vizuri nyuma, watu hudhani sasa linaweza kubeba zaidi, wakaongeza magunia na abiria juu yake. Gari la kikundi ni amana. Humo mna jasho la mama aliyeleta shilingi zake kila juma, na siku nyingine hubeba mgonjwa. Uamuzi wa kuligusa ufanywe kikaoni na uandikwe, bei zitoke kwa mafundi wawili, na spea za zamani zirudishwe zionekane.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKAONI

1. Gari letu liko katika kundi lipi kati ya yale matatu?
2. Ni nani aliyetazama upande wa ndani wa matairi ya nyuma mara ya mwisho, na lini?
3. Tunapakia kiasi gani, na ni nani mwenye ruhusa ya kusema "basi, limejaa"?
4. Je, tuna akiba ya matairi na spea, au kila likiharibika tunachanga upya?