Makandana: hesabu ya migomba kabla ya viwanja

Ukielekea Hospitali ya Makandana, mjini Tukuyu, utaona nyumba na migomba bado vinaishi pamoja. Nyuma ya fremu za maduka kuna mashina ya ndizi, nyuma ya mashina kuna banda la ng'ombe, na samadi ya banda inarudi kwenye mashina yale yale. Huo ndio mtaji wa kata ya Makandana, na viwanja vinapopimwa ndio unaosahaulika kwanza.

Mji ulianza na boma. Wajerumani walihama Langenburg ya zamani, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakapanda vilimani na kuuita mji wao mpya Neu Langenburg. Chini ya Waingereza ukajulikana kama Tukuyu. Boma lilivuta makarani na wafanyabiashara, na chakula chao kikatoka kwa Wanyakyusa wa vijiji vya jirani, waliozungushia nyumba zao migomba. Udongo wa volkano na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka viliwapa ardhi isiyochoka upesi.

Leo ardhi hiyo inagombewa na kazi nyingine. Hospitali inaleta wauguzi wanaotafuta vyumba, na ndugu wa wagonjwa wanaohitaji chakula na pa kulala. Lami ya Uyole hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi, inapitisha chai, ndizi na parachichi. Mwenye robo ekari jirani na hospitali akijenga vyumba vinne, anapokea kodi kila mwezi. Hakuna wa kumlaumu.

Shida ni hesabu. Kiwanja kinauzwa mara moja, na fedha yake huishia kwenye ada, bati na deni. Shina la mgomba halina msimu mmoja: mkungu ukikatwa leo, chipukizi la pembeni linafuata. Kaya inakula, inauza ziada, na majani yanamlisha ng'ombe. Anayeuza shamba lote huanza kununua vyote hivyo sokoni.

Sheria za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinatambua umiliki wa kimila na zinataka fidia kamili, ya haki na ya haraka ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo mazao ya kudumu yana thamani inayostahili kuandikwa. Wapimaji waache njia za mifereji kwenye miteremko hii, maana mvua ya Tukuyu haisamehi nyumba iliyozuia maji. Waruhusu pia viwanja virefu, nyumba mbele na bustani nyuma.

Makandana inaweza kuwa mji na bado ikajilisha. Kazi ianzie shambani, mwenye shamba akiwa amesimama pale: yahesabiwe mashina, liandikwe banda, ndipo bikoni ya kwanza izikwe.