Bembea yenye midundo miwili

Hebu, msomaji, mtazame mtoto anayebembea akiwa amesimama. Hakuna anayemsukuma, lakini bembea inazidi kupanda. Siri iko magotini: huchuchumaa bembea ifikapo mwisho wa safari yake, na hujinyoosha ipitapo katikati. Bembea ikienda na kurudi mara moja, yeye hujinyoosha mara mbili. Akikosea mdundo huo, atatoa jasho bure.

Wanahesabu huuandika mchezo huu kwa mlinganyo wa daraja la pili, yaani ule unaouliza si tu kitu kina kasi gani, bali kasi yenyewe inabadilika vipi. Mwaka 1877 Mmarekani George William Hill alitumia mlinganyo wa aina hiyo kuchunguza safari ya mwezi, ambao jua huuvutavuta. Kwake mdundo ulikuwa mmoja, unaojirudia vilevile.

Lakini nenda Mombasa ukayatazame maji. Mwezi huyajaza kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi; jua, kila saa 12. Midundo hiyo ikipatana, huwa bamvua. Ikipingana, maji mafu. Baada ya siku 15 hivi bamvua hurudi, ila si ileile hasa. Ni karibu ileile.

Neno hilo "karibu" ndilo lililompa kazi Harald Bohr wa Denmark. Wapenzi wa kandanda watafurahi kusikia kwamba bwana huyu aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya London ya 1908, wakaifunga Ufaransa 17-1 na kurudi na nishani ya fedha. (Mwambie hivyo mwalimu anayesema mpira huua masomo!) Kuanzia 1924 alichapisha nadharia ya mienendo inayokaribia kujirudia. Chagua tofauti ndogo upendavyo: mwenendo huo utarudi tena na tena ukiwa umepungukiwa na tofauti hiyo tu.

Sasa wapandishe watoto wawili kwenye bembea moja, kila mmoja na mdundo wake usiolingana na wa mwenzake. Mara wanasaidiana, mara wanazuiana. Je, bembea itapaa au itatulia?

Mdundo ukiwa mmoja, vipimo vya hatari hukaa kwenye maeneo yao na vya salama kwenye yao. Mdundo ukiwa wa "karibu", mipaka hiyo inaweza kuvurugika kabisa. Mwaka 1981 Jürgen Moser alionyesha mfano ambao kila kipimo kisicho cha hatari kina jirani wa hatari, hata ukisogea kwa upana wa unywele. Mwanafunzi anayedhani milinganyo hii aliimaliza mwaka wa pili chuoni, basi, asiuze daftari lake.

Bembea ya mtoto wako ina msuguano, nao humeza hatari ndogo ndogo kabla hazijakua. Ya kwenye karatasi haina.