Mpunga Ukishavunwa

Mkulima wa mpunga wa Kilangali, wilayani Kilosa, ukimuuliza anafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki atadhani unamtania. Msimu wa kupandikiza miche anashinda ameinama kwenye majaruba, na kila hatua ni kuung'oa mguu topeni. Masuke yakitoka, kuna kuamia ndege tangu alfajiri. Ukikomaa, kuna kukata, kupiga, kupepeta na kubeba magunia. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, na kazi ya mikono inahesabiwa. Huyu anazimaliza Jumatatu kabla ya adhuhuri.

Shida inaanza mpunga ukishavunwa.

Nguvu za mwili hazina ghala. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza vijana watano kitandani kwa siku 20. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye walipimwa tena wakiwa watu wa makamo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa hoi kama alivyokuwa baada ya zile wiki tatu za ujanani! Mtu akilala muda mrefu, majimaji ya damu hupungua ndani ya siku chache, moyo ukawa unasukuma damu kidogo kwa kila pigo; misuli hufuata nyuma. Kiangazi si kitanda, ni kweli. Lakini malaria ni kitanda, na kuuguza mzazi hospitalini wiki mbili hakuko mbali na kitanda.

Halafu kuna safari ya mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu wapatao 200 wa vijijini mkoani Morogoro waliohamia Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 80 katika kila 100 walikuwa na shughuli nyingi za kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja walibaki kama 26. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na kwa wanawake. Si kila kipimo cha afya kiliharibika, lakini jasho lilikauka. Sidhani kuna aliyekaa akaamua kuacha mazoezi. Walipanda daladala, basi.

Na mji nao unakuja kijijini. Bodaboda imefika, pawatila imefika, mashine ya kukoboa imeupumzisha mchi. Silalamiki: mwanamke aliyetwanga tangu utotoni hahitaji kuhubiriwa faida za kinu. Ila kazi iliyokuwa ikimlazimisha mtu kutembea ikiondoka, lazima kitu kingine kimlazimishe, na nia peke yake ni kamba mbovu.

Watafiti wa University College London waliwaomba watu 96 wachague jambo moja dogo, kama vile kutembea kidogo, walifanye kila siku baada ya tukio lilelile, tuseme kifungua kinywa. Jambo lilichukua kwa wastani siku 66 mpaka likawa linajifanya lenyewe. Kuna waliotumia siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Lililonifurahisha zaidi ni hili: aliyekosa siku moja hakurudi mwanzo. Msiba wa jirani haufuti wiki sita.

Basi kinachohitajika ni tukio la kufungia kamba. Kijijini yapo tele: adhana ya alfajiri, mtoto kwenda shule, ndoo ya maji, chai ya saa nne. Anayemsindikiza mtoto kwa miguu na kurudi kwa njia ndefu hahitaji uwanja wala viatu maalumu. Akianza mavuno yakiisha Juni, siku 66 zinamfikisha Agosti au mapema Septemba, majaruba yakiwa bado yamepasuka kwa ukame na jembe limeegemezwa ukutani.