Kutambua Diski Ngumu Iliyoharibika Katika Laptopu Ndogo

MALENGO
Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza jinsi diski ngumu inavyofanya kazi;
(b) kutofautisha hitilafu ya diski na hitilafu ya programu au ya kiunganishi;
(c) kupanga hatua za uchunguzi bila kuhatarisha data.

UTANGULIZI
Laptopu ikigoma kuwaka hadi mwisho, wengi husema "diski imekufa" au huipeleka kwa fundi "apige Windows". Kauli ya kwanza ni ya kubahatisha. Ya pili ni ya hatari, kwa sababu kusakinisha Windows upya huandika juu ya diski na huweza kufuta kilichokuwemo. Diski mpya inapatikana dukani, lakini alama za wanafunzi, picha na hesabu za duka haziuzwi popote. Kwa hiyo kanuni ya mada hii ni moja: okoa data kwanza, tengeneza baadaye.

1. DISKI NGUMU INAVYOFANYA KAZI
Diski ngumu, ambayo mafundi huiita hadi diski, ina sahani zenye utando wa sumaku, mota ya kuzizungusha, mkono wenye vichwa vya kusoma na kuandika, na bodi ndogo ya elektroniki. Ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 na ilihifadhi herufi milioni 5 hivi. Diski ya laptopu ina upana wa inchi 2.5 tu, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde.

Kichwa hakiigusi sahani. Huelea juu yake kwa msaada wa hewa, katika nafasi ya nanomita chache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ndiyo maana mtikisiko au chembe moja ya vumbi inaweza kukwaruza sahani. Ndiyo maana pia diski haifunguliwi mezani: kazi hiyo hufanyika katika chumba maalumu kisicho na vumbi.

Laptopu inapozimwa kabisa, vichwa huegeshwa mahali salama. Ukiibeba katika Hiace kutoka Bukoba hadi Muleba ikiwa bado inafanya kazi, vichwa viko juu ya sahani na kila shimo la barabarani ni hatari.

Zingatia: Si kila laptopu ndogo ina diski inayozunguka. Eee PC ya kampuni ya Asus, iliyotoka mwaka 2007, ilitumia chipu za kuhifadhi. Chipu hazina mota, hivyo hazitoi mlio. Jua kwanza kilichomo ndani ya mashine yako.

2. DALILI NA MAANA YAKE
(i) Mlio wa kugonga unaojirudia: kichwa kinashindwa kupata njia yake, kinarudi na kujaribu tena. Hii ni hitilafu ya kimakanika. Zima mara moja.
(ii) Diski kimya, haizunguki: huenda mota, bodi yake au umeme unaoifikia una tatizo.
(iii) Mashine inaganda, faili hufunguka kwa shida: huenda baadhi ya sekta za diski hazisomeki vizuri.
(iv) Ujumbe kwamba mfumo endeshi haujapatikana: huenda diski imeharibika, kiunganishi kimelegea, au faili za mfumo zimevurugika.

Dalili ya nne ndiyo inayowapotosha wengi. Laptopu nyingi za zamani zina betri zilizochoka, na hutegemea umeme wa ukutani muda wote. Umeme ukikatika ghafla faili inapoandikwa, mpangilio wa faili unaweza kuvurugika ilhali diski yenyewe ni nzima.

3. HATUA ZA UCHUNGUZI
Anza na jambo rahisi lisilogusa data, kisha ingia ndani polepole.

Hatua ya 1: Hakikisha umeme. Jaribu chaja nyingine inayolingana na mashine. Kama skrini inawaka na nembo inaonekana, mashine inapata umeme.

Hatua ya 2: Sikiliza. Tofautisha mvumo wa feni na mgongo wa diski. Ukisikia mgongo, usiendelee na majaribio mengine.

Hatua ya 3: Ingia kwenye bayosi kwa kubonyeza kitufe husika mara tu unapowasha, kwa mashine nyingi ni F2, F10 au Delete. Je, jina la diski lipo? Likiwepo na ukubwa wake ukiwa sahihi, bodi ya diski inawasiliana na kompyuta. Lisipokuwepo, shuku kiunganishi, bodi ya laptopu au diski.

Hatua ya 4: Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha toa diski na kuirudisha vizuri. Kiunganishi kilicholegea hutibiwa kwa bisibisi tu.

Hatua ya 5: Fanya jaribio la kubadilishana. Unganisha diski inayoshukiwa kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB, kisha weka diski nzima kwenye laptopu yenye tatizo. Tatizo likiifuata diski, diski ni mbovu. Likibaki kwenye laptopu, kosa liko kwenye kiunganishi au bodi.

Hatua ya 6: Kama diski inasomeka, nakili faili muhimu kwanza. Kama huna kasha la USB, washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu bila kuisakinisha. Itakuonyesha faili bila kuitegemea Windows iliyogoma.

Hatua ya 7: Baada ya kunakili, soma taarifa za afya ya diski, yaani SMART. Namba 5 huonyesha sekta mbovu ambazo nafasi yake imechukuliwa na sekta za akiba. Namba 197 huonyesha sekta zinazosubiri kuhakikiwa. Namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano, na ikipanda, angalia waya au kiunganishi. Diski inaweza kupewa alama ya "nzima" na bado ikafa kesho, hivyo usitegemee taarifa hii peke yake.

4. MFANO
Laptopu ya ofisi ya taaluma katika shule moja wilayani Muleba inaishia kwenye nembo. Ina alama za mitihani ya ndani za kidato cha nne, na hakuna nakala nyingine. Diski haigongi, na bayosi inaonyesha jina lake. Fundi anashauri kupiga Windows. Je, mwalimu akubali?

Jibu: Hapana. Bayosi imeonyesha kwamba diski inawasiliana, lakini haijaonyesha kwamba sahani zake ni nzima. Diski itolewe na kuunganishwa kwa USB kwenye kompyuta nyingine. Faili zikionekana, faili ya alama inakiliwe kwanza kabisa, kabla ya picha na video, kwa sababu diski inayozeeka inaweza kufa katikati ya kazi. CHKDSK isitumike kabla ya kunakili. Hubadilisha mpangilio wa faili na kuilazimisha diski dhaifu kufanya kazi nyingi. Baada ya hapo SMART isomwe. Namba 5 na 197 zikiwa kubwa na zinaendelea kupanda, diski mpya inunuliwe na Windows isakinishwe humo. Zikiwa sifuri na mashine nyingine inaisoma diski bila kuganda, inaelekea faili za mfumo ndizo zilizovurugika, na sasa fundi anaweza kupiga Windows bila hasara.

5. KINGA
Zima laptopu kabisa kabla ya safari. Itumie juu ya meza, si juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa. Weka nakala rudufu mahali pawili, na pamoja pawe nje ya jengo. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya majengo ya shule za Ihungo na Nyakato mkoani Kagera. Flashi iliyo katika droo ya meza ileile ya kompyuta haisaidii jengo likianguka.

MAKOSA YA KUEPUKA KATIKA MAJIBU
- Kuandika "diski imekufa" bila kutaja jaribio lililothibitisha.
- Kutaja kufomati kuwa hatua ya kwanza.
- Kushauri diski igongwe au iwekwe kwenye friji. Mgongo huongeza mikwaruzo, na ubaridi huleta unyevu ndani.

MASWALI YA MARUDIO
1. Eleza kwa nini mtikisiko ni hatari zaidi diski inapofanya kazi. (alama 3)
2. Bayosi haionyeshi jina la diski. Taja sababu tatu zinazowezekana na jaribio moja la kuzitofautisha. (alama 4)
3. Mteja ana diski inayogonga na hana nakala ya data. Mpe ushauri wenye hoja tatu. (alama 6)

Mwongozo wa swali la 3: azime mashine mara moja ili vichwa visiendelee kukwaruza sahani, asikubali kufomati wala kupigiwa Windows, kama data ina thamani, aipeleke diski kwa mtaalamu wa kuokoa data bila kuifungua.